Upasuaji wa Mguu Maniema ya Kusini: Hofu Iko Wapi, Hatari Iko Wapi

Tarehe 22 Julai 1870 msafiri David Livingstone alirudi Bambarre, mahali ambapo leo panaitwa Kabambare, akiwa hawezi kukanyaga. Vidonda vilikuwa vimemla nyayo, na kila alipojaribu kusimama vilitoa maji yenye damu. Sanduku lake la dawa lilikuwa limepotea zaidi ya miaka 3 kabla, mchukuzi mmoja alipotoroka nalo. Alilazimika kukaa kibandani siku 80. Kilichomfaa mwishowe, kwa maelezo yake mwenyewe, ni malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, lililosagwa kwa maji na kupakwa kwa unyoya. Alitoka nje tarehe 10 Oktoba. Katika shajara yake aliandika pia kwamba vidonda vya namna hiyo viliwaua watumwa wengi waliopitishwa njia zile, na kwamba vilio vyao vilisikika kambini usiku.

Zaidi ya miaka 150 imepita, na mguu bado ndio chombo cha kwanza cha usafiri katika Maniema ya kusini, mashariki mwa Kongo. Kwa mguu mtu anakwenda shamba la mpunga, anashuka kwenye mashimo ya dhahabu ya Salamabila, anasukuma baiskeli yenye magunia kutoka soko hadi soko. Kwa hiyo mguu ukiharibika, nyumba nzima inayumba. Sababu za kuuharibu ni nyingi: jembe au panga lililoteleza, jiwe la mgodini, pikipiki iliyoanguka kwenye matope, risasi, moto wa jikoni, kidonda cha kisukari kilichodharauliwa, mfupa uliovunjika na kuungwa vibaya. Kuna watoto waliozaliwa na mguu kifundo, wayo ukiwa umegeukia ndani. Kuna pia waliopoozwa na polio, ugonjwa ambao mwaka 2017 ulizuka tena Maniema na Haut-Lomami.

Wengi wao wangefaidika na upasuaji. Wengi pia, wakishaambiwa tarehe, hawalali.

Maswali yanayowazunguka kichwani ni karibu yaleyale kila mahali duniani. Nitaamka? Nitasikia kisu? Je, watafungua wayo wakaamua kuukata mguu wote? Hapa yanaongezeka mengine: nani atapalilia mpunga, nani atakuja hospitalini kunipikia, na bili italipwa na nini. Woga huo unaonekana mwilini. Tumbo linasokota, moyo unakwenda mbio, presha inapanda. Na presha iliyopandishwa na woga ni presha halisi. Muuguzi akiipima asubuhi ya upasuaji, daktari anaweza kulazimika kuahirisha.

Si haki kuuita woga huo ujinga. Una historia. Wakati wa ukoloni timu za kupambana na malale zilipita vijijini mwa Kongo, zikiwatoboa watu mgongo ili kupima maji ya uti, na mara nyingi watu walifika kwa amri kuliko kwa hiari. Pwani ya Afrika Mashariki walinong'ona habari za mumiani, Katanga za batumbula: watu waliodaiwa kuwakamata wenzao usiku kwa ajili ya damu au nyama. Mwanahistoria Luise White alizikusanya simulizi za aina hii katika kitabu alichokitoa mwaka 2000, naye anazichukulia kama kumbukumbu za jinsi watu walivyouona utawala uliochukua miili yao bila kuwaeleza. Mgonjwa wa leo anayekataa sindano ya mgongo huenda hajawahi kusikia habari za timu zile, lakini amelelewa na watu waliozisikia.

Wala upasuaji si kitu kilichoingia Afrika na wageni tu. Mwaka 1879 daktari Robert Felkin alishuhudia Bunyoro, Uganda ya leo, mpasuaji wa kienyeji akimzalisha mwanamke kwa kumpasua tumbo. Mama alinyweshwa mvinyo wa ndizi hadi akalewa, na mvinyo huohuo ulitumika kuosha mikono ya mpasuaji na tumbo la mgonjwa. Mama na mtoto walipona, na Felkin akachapisha habari hiyo Edinburgh mwaka 1884. Wapasuaji wale wa Bunyoro walijua mambo mawili ambayo bado ndiyo msingi: mgonjwa atulizwe kwanza, na kinachogusa jeraha kiwe kimesafishwa.

Siku hizi kazi ya kutuliza inafanywa na dawa za usingizi na za ganzi, na hapo ndipo hofu kubwa inapokaa. Kwa wayo, njia ni tatu hasa. Ya kwanza ni ganzi inayochomwa kuzunguka kifundo, inayotosha kwa kazi ndogo. Ya pili ni sindano ya mgongo. Watu wanaogopa kwamba itawapooza, ilhali sindano huingizwa chini ya mahali ambapo uti wa mgongo unaishia. Dawa inalegeza mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni, na baada ya saa chache nguvu zinarudi. Kichwa kinaweza kuuma siku zinazofuata, na mgonjwa aambiwe hivyo mapema. Anakuwa macho, anasikia sauti na vyombo, lakini hasikii maumivu.

Ya tatu ni ketamini, dawa inayotegemewa sana katika hospitali za mbali kwa sababu mgonjwa kwa kawaida huendelea kuhema mwenyewe na shinikizo la damu halishuki ovyo. Ilitengenezwa mwaka 1962 na kuidhinishwa Marekani mwaka 1970. Tatizo lake ni ndoto. Mtu anapozinduka anaweza kujiona anaelea, kuona rangi na sura za ajabu, kuhisi ametoka mwilini. Aliyeelezwa jana yake atajua ni dawa inayoisha. Asiyeelezwa anaweza kurudi kijijini akiamini amekwenda kwa wafu na kurudi, au kwamba kuna mtu amemroga akiwa mezani, na simulizi yake itamzuia jirani kwenda hospitali. Dakika tano za maelezo zingeizuia simulizi hiyo. Hili ni jambo ambalo hospitali nyingi hulipuuza, na madhara yake huenea kijiji kizima.

Lakini je, chumba cha upasuaji ndicho mahali pa kuogopwa zaidi? Takwimu zinasema sivyo. Mwaka 2018 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000 katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika. Wagonjwa wawili hivi kati ya 100 walifariki, kiwango ambacho ni maradufu ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa hao walikuwa vijana zaidi na wenye maradhi machache zaidi. Zaidi ya nusu walipasuliwa kwa dharura, kwa hiyo hesabu hiyo haiwezi kubandikwa juu ya upasuaji wa wayo uliopangwa kwa utulivu, ambao hatari yake ni ndogo kuliko hapo. La kuangalia ni wakati. Kati ya waliofariki, zaidi ya tisa katika kumi walifariki baada ya siku ya upasuaji. Na tatizo lililoongoza lilikuwa maambukizi, yaliyompata mgonjwa mmoja hivi kati ya kumi.

Maana yake ni nzito kwa mtu wa Kasongo au Kabambare. Hofu yake yote inatazama saa moja au mbili za mezani, wakati ambapo daktari, muuguzi na mtu wa dawa za usingizi wote wamemkodolea macho. Hatari inamngoja katika majuma yanayofuata, wodini, njiani, na nyumbani, wakati ambapo hakuna anayemtazama. Hofu hiyo ikigeuzwa upande wa pili inakuwa msaada mkubwa, kwa sababu mambo ya majuma hayo mengi yamo mikononi mwa mgonjwa na jamaa zake.

Wayo una mifupa 26, na upo mbali na moyo na karibu na vumbi. Damu inashuka kirahisi na kupanda kwa taabu, ndiyo maana baada ya kupasuliwa unavimba, na uvimbe unavuta nyuzi, unachelewesha kidonda na kuongeza maumivu. Dawa ya uvimbe haina gharama: mgonjwa alale na mguu juu ya mito au magunia yaliyokunjwa, upande juu kuliko moyo, kwa sehemu kubwa ya siku za mwanzo, huku akichezesha vidole ili damu isigande. Nyuzi hukaa majuma mawili hivi, mfupa huhitaji sita hadi nane au zaidi. Anayepakiwa nyuma ya pikipiki siku ya tatu, mguu ukining'inia kwenye mashimo ya barabara, anaharibu kazi ambayo daktari ameimaliza vizuri.

Kwa hiyo maandalizi yanaanzia nyumbani, na choo ndicho cha kwanza. Hakuna mtu anayeweza kuchuchumaa juu ya shimo kwa mguu mmoja huku mwingine umefungwa plasta. Kiti cha zamani kilichotobolewa katikati na kuwekwa juu ya tundu, pamoja na gongo la kushikilia ukutani, ni kazi ya nusu siku kwa seremala. Kitanda ni bora kuliko mkeka, kwa sababu kuinuka kutoka chini kwa mguu mmoja ndiko kunakoangusha watu. Magongo ya kwapani yachongwe na kujaribiwa kabla ya upasuaji, wakati miguu yote miwili bado inaweza kusaidia: ncha ya juu ikae vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, na uzito ubebwe na viganja. Anayelaza uzito kwenye makwapa anaumiza mishipa ya fahamu ya mikono. Na kama daktari anaruhusu kuchagua tarehe, miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, ni rafiki wa plasta kuliko miezi ya mvua.

Mwili nao una maandalizi yake. Tumbaku iachwe majuma manne kabla, kwa sababu inachelewesha kidonda na mfupa kuunga. Sukari na wingi wa damu vipimwe. Selimundu pia, ugonjwa wa damu ulioenea Kongo, kwa sababu katika upasuaji wa wayo wapasuaji hupenda kufunga mkanda wa kuzuia damu pajani au kwenye muundi, na kwa mwenye selimundu mkanda huo unahitaji tahadhari ya pekee. Dawa za mitishamba zitajwe zote bila aibu, kwa kuwa baadhi zinaweza kuchezea damu au presha. Chanjo ya pepopunda ikamilishwe. Na funza watolewe, vidonda vyao vipone kwanza: kila tundu kwenye ngozi ya wayo ni mlango wa vijidudu. 

Kuhusu kufunga kula, kanuni inayotumika kwa watu wengi ni saa sita bila chakula na saa mbili bila maji matupu, na hospitali ikitaka muda mrefu zaidi ifuatwe. Sababu ielezwe waziwazi, hasa kwa mama wa mtoto: mgonjwa aliyelazwa usingizi akitapika, chakula kinaweza kuingia mapafuni na kumuua. Mama anayempa mtoto uji kwa siri alfajiri anafanya hivyo kwa huruma, na ni kwa sababu hakuna aliyemwambia. Wengine hunywa lotoko, pombe kali ya kienyeji, usiku wa mwisho ili kujipa moyo. Bunyoro ya 1879 haikuwa na kingine. Kasongo ya leo ina dawa bora, na pombe inachanganyika nazo vibaya.

Kuna wasiwasi wa ibada, ambao madaktari huusahau. Maniema ina Waislamu wengi, na Kasongo ni miongoni mwa miji ya Kongo ambako Uislamu una mizizi mirefu tangu enzi za wafanyabiashara wa misafara akina Tippu Tip. Muislamu mwenye bendeji anawaza: nitatawadhaje? Fikihi imekwisha kumpa ruhusa: kupangusa kwa maji juu ya bendeji au plasta, kutayamamu inapohitajika, kuswali akiwa ameketi au amelala. Mkatoliki naye akimwona padri kando ya kitanda na mafuta matakatifu hudhani mwisho umefika, hali Mpako wa Wagonjwa unaweza kutolewa kabla ya upasuaji kwa sababu ya ugonjwa mzito, bila kungoja saa ya kufa. Imamu au padri akiulizwa mapema, mzigo mzima unaondoka moyoni.

Na woga wenyewe, ule unaobaki hata baada ya kuelezwa yote? Mwaka 2016 wachambuzi wa Cochrane walipitia tafiti zaidi ya 100 kuhusu kumwandaa mgonjwa kiakili kabla ya upasuaji: kumweleza atakachokutana nacho, kumfundisha kulegeza mwili na kadhalika. Waliona dalili za maumivu kupungua na siku za kulazwa kupungua kidogo, ingawa walionya kwamba ubora wa ushahidi ni mdogo. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2015, wa tafiti zaidi ya 70, ulionyesha kwamba muziki kabla, wakati au baada ya upasuaji unapunguza wasiwasi na maumivu. Kaswida kwenye simu ndogo au kwaya ya parokia inafaa sawasawa na muziki wowote.

Kupumua polepole ni njia nyingine isiyohitaji fedha: kuvuta hewa hadi tumboni taratibu, kuitoa taratibu zaidi, kwa dakika kadhaa, kila siku kabla ya siku yenyewe ili mwili uzoee. Zoezi hilo limo katika mpango wa Shirika la Afya Duniani unaofundishwa na watu wa kawaida wasio wataalamu, na Nairobi ulijaribiwa kwa wanawake waliopitia ukatili. Dalili za msongo na wasiwasi zilipungua. Mashariki mwa Kongo kwenyewe, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba tiba ya mazungumzo ya vikundi, ikiongozwa na wasaidizi wa hapohapo, iliwapunguzia sana wanawake waliobakwa huzuni na wasiwasi. Kwa maneno mengine, kutuliza moyo hakuhitaji daktari wa akili kutoka Kinshasa.

Hapa panahitaji uangalifu zaidi. Kabambare imepita katika vita vingi. Mtu aliyewahi kushikwa kwa nguvu na watu waliofunika nyuso, wenye visu, anaweza kuingia chumba cha upasuaji akaona tukio lile linarudi: barakoa, vyuma, mikono inayomfunga. Kutetemeka kwake si utovu wa nidhamu. Amwambie muuguzi mmoja tu anayemwamini, na timu inaweza kuvaa barakoa mbele yake baada ya kusalimiana, kumwambia kila hatua kabla ya kumgusa, na kumruhusu aliyemleta abaki karibu hadi dawa ishike.

Mgonjwa ana haki ya kuuliza, na maswali yake yanaokoa maisha. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikiwa kabla, wakati na baada ya upasuaji: jina la mgonjwa, mguu upi, mzio wa dawa, antibiotiki imetolewa kwa wakati, vitambaa vyote vimehesabiwa. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa ya Ifakara, Tanzania, na kwa jumla vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Basi mgonjwa wa Kasongo asione haya kuomba mguu wake utiwe alama ya kalamu angali macho.

Kwa mtoto mwenye mguu kifundo habari ni njema zaidi. Njia ya daktari Ignacio Ponseti, iliyoenezwa Uganda tangu mwisho wa miaka ya 1990, hunyoosha wayo kwa plasta zinazobadilishwa kila juma, kwa kawaida tano hadi saba, kisha mkato mdogo wa kano ya kisigino chini ya ganzi, kisha viatu vya chuma: kutwa kucha kwa miezi mitatu, halafu usiku tu hadi mtoto afike miaka minne au mitano. Kazi kubwa ni ya mama, na wazazi wengi hushindwa kwenye viatu, si kwenye kisu. Kwa kazi ngumu zaidi, familia za Maniema zimekuwa zikitazama upande wa Kivu, kwenye vituo kama HEAL Africa cha Goma au Heri Kwetu cha Bukavu. Tangu Goma na Bukavu zilipotekwa na waasi wa M23 mwanzoni mwa 2025, safari hiyo imekuwa ya kuvuka mistari ya vita, na wasiwasi wa barabara umezidi wa upasuaji.

Mwisho ni bili. Katika Kongo, kama katika nchi nyingine kadhaa, wagonjwa hushikiliwa hospitalini hadi ndugu walipe; Chatham House ya London iliandika habari za desturi hiyo mwaka 2017. Hofu ya kushikiliwa inawafanya watu watoroke kabla ya nyuzi kutolewa, na hapo maambukizi yanapata nafasi. Bei moja inayotajwa kabla ya kulazwa, ikijumlisha vipimo, dawa, bendeji na kuhudhuria baadaye, ingetuliza watu wengi kuliko vidonge.

Kasongo ina sifa ya kuyajua haya. Katika miaka ya 1970 na 1980 Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp na wafanyakazi wa hapo walijenga mtandao wa vituo vya afya vilivyoshirikiana na hospitali moja, ambapo muuguzi wa karibu na nyumbani alimfahamu mgonjwa kabla na baada ya kulazwa, na uzoefu huo ukasaidia kuunda wazo la zoni za afya linalotumika nchi nzima hadi leo. Ombi kwa waganga wakuu wa zoni za Kasongo, Kabambare, Salamabila na Lusangi ni dogo: mgonjwa wa mguu asiruhusiwe kutoka bila barua ya kwenda kwa muuguzi wa kijijini kwake, yenye siku ya kubadilisha bendeji, siku ya kutoa nyuzi, na dalili za hatari, yaani homa, harufu, usaha, vidole vya baridi au vyeusi, maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Na kwako unayengoja tarehe yako: magongo, kiti cha choo na mtu wa kukubadilishia bendeji vipatikane kabla ya kuondoka nyumbani.